Wino Bila Matone

Mukhtari alikuja mapema mno, tena mikono mitupu. Hayo mawili yalimtosha Laraba kujua kwamba hakuja kama mchumba.

Mchumba huja baada ya swala ya isha, amejipulizia manukato, ameshika mfuko wa machungwa au nyama ya kuchoma iliyofungwa kwenye gazeti. Huketi zaure, kile chumba cha kuingilia nyumbani, na msichana hutolewa na dada zake akiwa amejitanda ushungi, wakaongea kwa adabu huku nusu ya nyumba imetega masikio nyuma ya ukuta. Mukhtari alifanya hivyo mwaka mzima bila kukosea hata hatua moja. Leo alikuja alasiri, viatu vimejaa vumbi, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni.

"Kaa basi," Laraba alisema.

"Sikai. Nina swali moja, nikijibiwa naondoka."

"Maji je?"

"Sitaki maji, Laraba."

Laraba mwenyewe alikuwa hajavua hata viatu vya kazi. Ilikuwa siku ya mwisho ya kampeni ya matone ya chanjo ya polio, na kikasha chake cha barafu kilikuwa pale miguuni, kinasubiri kurudishwa zahanati kabla ya magharibi. Alikuwa amezunguka mtaa wa Sabuwar Rijiya tangu asubuhi, mlango hadi mlango, akifungua vinywa vya watoto wa watu. Koo lilimkauka kwa vumbi la kaskazini, lile linalotoka jangwani kila mwaka na kuifanya Kano nzima ionekane kama imepakwa unga.

"Jana mlipita kwetu?" Mukhtari aliuliza.

"Tulipita. Hukuona alama ya chaki mlangoni?"

"Sikuulizi habari za mlango. Mlango hauugui polio."

Laraba akaangalia mkeka. Nyuma ya ukuta, mtu mmoja aliyekuwa akitwanga aliacha kutwanga.

"Mtoto wa dada yangu Sahura ana wino wa chanjo kidoleni," Mukhtari aliendelea. Sauti yake ilikuwa ileile anayotumia akikagua nyumba za watu, sauti isiyopanda wala kushuka. "Wino mzuri, umepakwa vizuri, kidole cha mwisho cha kushoto. Leo nimekuta Sahura anakunywa uji na mtoto yuko mgongoni kwa mtumishi. Nikamuuliza tu, kwa mazoea ya kazi: alipopewa matone alikunja uso? Akaniuliza, matone gani?"

Laraba alikisogeza kikasha kwa mguu.

"Nakuuliza wewe sasa. Matone gani, Laraba?"

Angeweza kudanganya. Angeweza kusema Sahura alikuwa usingizini, au mtoto alipewa nje na mwenziwe wa kazi, shangazi Mairo. Mwanamume mwenye mapenzi huamini mengi, na harusi ilikuwa Ijumaa ya wiki mbili zijazo. Lakini Laraba alimtazama usoni, akaona macho yale mekundu kwa vumbi, akajua kwamba akimdanganya leo atalazimika kuendelea kumdanganya mpaka uzeeni.

"Sikumpa," alisema. "Nilimpaka wino, nikapiga chaki, tukaondoka."

Mukhtari alikaa chini bila kukaribishwa mara ya pili.

*

Ilikuwa hivi. Jana, walipofika mlango wa kina Mukhtari, miguu ya Laraba iligoma. Haikuwa ukaidi. Msichana aliyeposwa haingii nyumba ya mama mkwe. Akikutana naye njiani hugeuza njia, na akishindwa kugeuza huchuchumaa na kufunika uso mpaka mama apite. Hiyo ndiyo haya, na asiye nayo haolewi, au akiolewa husemwa mpaka wajukuu wake wanasikia. Masanduku ya posa yalikuwa yameshafika kwao Laraba: sita, yamejaa vitenge, viatu na manukato, na shangazi zake walishayafungua mbele ya majirani na kupiga vigelegele juu ya kila kitambaa.

Kwa hiyo alibaki zaure, ushungi umefika puani, akamtuma shangazi Mairo aingie. Mairo alikuwa mama mtu mzima anayejua kila nyumba na kila ugomvi wa mtaa ule. Hakukawia ndani. Alirudi amembeba mtoto, uso umekunjamana.

"Amekataa," Mairo alisema. "Mkweo, Hajiya Dije, amesema mjukuu wake hanywi kitu. Kama tunataka wino, huyu hapa, tumpake tuandike tunachotaka, halafu tumrudishe."

"Basi tuandike kwamba wamekataa."

"We mtoto!" Mairo alishusha sauti. "Ukiandika wamekataa, kesho mkuu wa mtaa anakuja hapa na msafara. Watu watajaa mlangoni kwa mama mkwe wako, na wote watajua nani kawaleta. Unataka kuachika kabla hujaolewa? Paka, twende."

Naye alipaka. Mtoto wa miezi mitano, mnene, anaitwa Habu, alimkenulia fizi wakati wote huo kana kwamba ni mchezo. Kichupa cha matone kilikuwa mkononi mwa Laraba. Hakukifungua.

*

"Unajua nilichota nini kwenye mfereji nyuma ya nyumba zetu?" Mukhtari aliuliza.

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingefanya."

Kazi ya Mukhtari ilikuwa kukagua timu za matone na kuulinda mtaa na ugonjwa ambao hauonekani. Kila mwezi, alfajiri, wakati watu wameamka na maji machafu yanatiririka, aliteremsha ndoo kwenye mfereji, akachota maji ambayo mtu mwingine angeruka asiyakanyage, akayafunga kwenye barafu na kuyapeleka maabara. Watoto walimwita Mukhtari wa Mifereji, na alipopita waliziba pua kwa utani. Mwezi huu jibu lilirudi baya. Kirusi cha polio kilikuwa ndani ya maji yale. Maana yake ni kwamba kulikuwa na mtoto, katika mojawapo ya nyumba zinazomwaga maji pale, anakibeba tumboni bila mtu kujua. Hakuna aliyekuwa amepooza bado. Ndiyo sababu kampeni iliitishwa haraka, na ndiyo sababu Mukhtari alikuwa hajalala vizuri tangu jibu lirudi.

"Timu yako ndiyo niliyoiamini," alisema. "Wengine nawakagua mara mbili. Yako nilikuwa nakagua basi tu, nipate sababu ya kupita njia yako."

Maneno yale yalimuuma Laraba kuliko matusi. Miaka miwili iliyopita, huyuhuyu bwana alimrudisha nyumba moja mara tatu kwa ajili ya mtoto mmoja aliyejificha chini ya kitanda. Siku ile alimchukia kwa moyo wote. Mara ya tatu, wakati mtoto amemeza na anawatukana wote wawili, walitazamana wakacheka, na tangu hapo chuki haikurudi tena.

"Kwa hiyo utaripoti," alisema.

"Nitaripoti. Mtaa wote utarudiwa, wewe na Mairo mtaondolewa. Sina namna."

"Sijakuomba namna."

"Na mimi najisikiaje, unadhani? Mke wangu mtarajiwa!"

Hapo ndipo Laraba alipochoka kuinamisha kichwa. Kosa lake alikuwa amelikubali. Lakini kuna mahali mtu anapobebeshwa mzigo wake na wa mwenzake, na yeye alihisi uzani umezidi.

"Nikuulize na mimi moja?"

"Uliza."

"Ukuta wa zaure yenu una alama ngapi za chaki? Kila kampeni alama. Zimepandana mpaka hazisomeki. Mimi nimeanza kufika pale jana tu, nyumba ile ilikuwa ya timu nyingine. Nani ndani ya nyumba yenu alishawahi kuonja tone hata moja?"

Mukhtari alishika kitambulisho chake shingoni.

"Unapita mtaa mzima unashika vidole vya watoto wa watu. 'Alimeza? Uliona kwa macho yako?' Kwenu umewahi kuuliza?"

"Leo nimeuliza."

"Leo! Baada ya miaka sita ya kazi! Wahenga walisema nyani haoni... Basi, namalizia moyoni, wewe ni mchumba wangu."

Mtu nyuma ya ukuta aliguna, na mwingine akamnyamazisha.

Mukhtari alivua kofia yake, akaitazama ndani kama vile jibu limeshonwa humo. "Mimi ni mtoto wa kwanza," alisema hatimaye. "Unajua ilivyo, mama humwonea haya mtoto wake wa kwanza. Mama hajawahi kuniita kwa jina. Hajawahi kunipakulia chakula mbele ya watu. Nikiwa na neno, namwambia Sahura, Sahura anamwambia mama. Nitaanzaje kumwambia, Hajiya, fungua mlango, nataka kukagua watoto wako? Nilijua. Si kwa hakika, lakini nilijua. Nikawa nasema kimoyomoyo, alama ipo mlangoni, yatosha."

"Basi tumelingana. Wewe na haya yako, mimi na haya yangu, na katikati kuna mtoto wa miezi mitano."

"Kesho nitapeleka timu nyingine."

"Itapaka wino. Nani mtaa huu hamwogopi mama yako? Hata muuza maji humwekea mtungi mlangoni akakimbia."

Mukhtari alikaribia kutabasamu, akakumbuka hali ilivyo, akaacha. Laraba aliinama, akafungua kikasha cha barafu. Vipande vilikuwa vimeanza kuyeyuka lakini maji bado yalikuwa baridi ya kuuma vidole. Kichupa kimoja kilibaki, na ndani yake matone ya kutosha.

Alikifunga kikasha, akakitia begani.

"Unakwenda zahanati?"

"Nakwenda kwenu."

"Laraba." Mukhtari alisimama. "Ukiingia ndani ya nyumba ile kwa miguu yako, kabla ya ndoa, mama atayataka masanduku kesho. Unamjua. Hata mimi sitaweza kumzuia."

"Najua."

"Huwezi kusubiri?"

"Kirusi kinasubiri?" Aliuliza bila ukali, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi. Kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya ushungi, akatoka. "Nakupenda, Mukhtari, na wallahi nilitaka kuolewa na wewe. Ila nisipokwenda, kila nikimwona yule mtoto nitakuwa naangalia miguu yake."

*

Kutoka kwao Laraba mpaka kwa Hajiya Dije si mbali, lakini siku ile njia ilikuwa na macho. Mshona kofia aliacha sindano hewani. Wanawake wawili waliokuwa wakikaanga kosai, zile kachori za kunde, waligeuka na mwiko mkononi. Bi harusi mtarajiwa, amebeba kikasha, anaelekea kwa mama mkwe, na mchumba anamfuata nyuma kwa mbali kama aliyepoteza mbuzi. Kabla hajafika kona, habari ilikuwa imeshafika.

Zaure kwa Hajiya alipiga hodi na salamu mara tatu. Alipojibiwa, akavuka kizingiti, akashusha ushungi kutoka usoni na kuingia uani.

Hajiya Dije alikuwa ameketi kwenye kigoda, sinia la karanga mapajani, anazimenya ili azikamue mafuta. Mwili mkubwa, macho madogo, midomo ambayo mtaa mzima uliikwepa. Sahura, bintiye, alikuwa pembeni. Habu alikuwa kwenye mkeka kando ya bibi yake, maana mtoto wa kwanza ni wa bibi. Mama yake hunyonyesha tu, tena kwa kuficha.

Sahura alimwona wa kwanza. Akaweka mkono mdomoni.

"Assalamu alaikum, Hajiya," Laraba alisema, akapiga magoti.

Karanga zilikoma. "Sahura," Hajiya alisema bila kugeuza kichwa. "Macho yangu yameanza kuzeeka. Huyu ninayemwona hapa ni nani?"

"Ni... ni Laraba, Hajiya."

"Laraba yupi? Ninayemjua mimi ameposwa na nyumba hii. Hawezi kuwa ndiye."

"Ndiye mimi, Hajiya," Laraba alisema.

"Subhanallahi. Linasema pia!" Hajiya akapiga kofi mapajani, karanga zikaruka. "Mimi niliposwa nikiwa mdogo kuliko wewe. Mama mkwe wangu niliona uso wake baada ya kuzaa mara mbili! Na wewe unaniingilia kama mgambo wa soko. Mama yako amekufa au yu hai?"

"Yu hai."

"Mpe pole."

"Nitampa. Hajiya, jana nilikuwa zaure. Nilimpaka mtoto wino bila kumpa matone. Nimekuja kumpa."

"Nilikataa jana. Leo nina mdomo mwingine?"

"Nataka nijue kwa nini unakataa."

Hakuna aliyewahi kumuuliza Hajiya Dije kwa nini. Walimwogopa wakapaka wino, au walimhubiria kutoka mlangoni. Alimtazama Laraba kwa mara ya kwanza sawasawa.

"Unataka kujua? Nitakwambia. Masika ya mwaka juzi mtoto wangu wa mwisho alishikwa na homa. Nikatoka humu ndani, mimi nisiyetoka, nikambeba hospitali. Nilikaa kwenye benchi mpaka alasiri. Wakaniambia dawa hamna, kanunue nje. Alipona kwa uwezo wa Mungu. Homa haina mtu wa kuiletea dawa nyumbani. Uzazi hauna. Kichomi hakina. Ila hayo matone yenu, kila mara mnagonga, bure, mnabembeleza, mnatoa na sabuni! Kitu cha bure kinachonifuata mpaka jikoni, mimi nakiogopa."

"Hata mimi ningekiogopa," Laraba alisema.

Hajiya alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Akakosa pa kuegemea.

"Sina dawa ya homa, Hajiya. Ningekuwa nayo ningeileta. Nina hii tu. Na safari hii ugonjwa wenyewe umeonekana. Uko kwenye mfereji, hapo nyuma ya jiko lako. Mwanao aliuchota. Hakukwambia?"

"Nani? Yule?" Hajiya alielekeza kidevu upande wa zaure. Kwake Mukhtari alikuwa 'yule' tangu kuzaliwa. "Yule hajaniambia kitu tangu aote meno." Kisha akageukia ukuta wa jiko, ambako nyuma yake maji ya mfereji yalisikika yakipita. Mkono wake, bila yeye kuutuma, ukaenda kwenye mguu wa Habu na kuushika. "Hapo nyuma? Hapa hapa?"

"Hapa hapa."

"Na jana ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukampaka rangi mjukuu wangu, ukaenda zako kulala."

"Ndiyo."

"Kwa nini?" Sauti ya Hajiya ilikuwa imeshuka, na ilipokuwa chini ilitisha zaidi.

Laraba alikuwa amepanga maneno mazuri njiani. Hakuyaona yalikokwenda. "Kwa sababu nilitaka uniite mkwe. Niliogopa hasira yako kuliko nilivyomwogopea mtoto. Kichupa kilikuwa mkononi mwangu, Hajiya, nikakirudisha kwenye barafu ili niolewe."

Sahura alianza kulia kwa chini.

"Na leo huniogopi?"

"Leo nakuogopa zaidi. Nimekuja hivyo hivyo."

Hajiya alimenya karanga moja, akaitia mdomoni, akaitafuna taratibu. "Ndiyo kusema unamtaka kiasi hicho? Mtu anayenuka mifereji?"

"Namtaka."

Neno hilo, mbele ya mama mkwe, uani kwake, mchana kweupe! Sahura alijifunika ushungi uso mzima kwa niaba ya Laraba. Zaure kulisikika kitu kimeanguka, labda kofia, labda mtu.

"Huna haya," Hajiya alisema.

"Leo nimeiacha nyumbani."

"Nimeona." Akakitazama kikasha. "Ni machungu?"

"Kidogo. Yana chumvichumvi."

"Lete."

Laraba alifungua kikasha, akatoa kichupa, akamsogelea mtoto. Hajiya akamzuia kwa kiganja.

"Sikusema mpe. Nimesema lete. Kwangu kwanza." Akatoa ulimi.

Hakuna mafunzo yaliyomwandaa Laraba kwa hilo. Aliweka tone moja kwenye ulimi wa mama mkwe wake. Hajiya akafumba macho, akalizungusha mdomoni, akameza, akakaa akijisikiliza. Kuku mmoja alipita katikati yao akidonoa maganda. Hakuna aliyemfukuza.

"Sijafa," Hajiya alitangaza. Akamnyanyua Habu, akamlaza mapajani, akambana mashavu kwa vidole viwili kama aliyefanya kazi hiyo miaka yote. "Mangapi?"

"Mawili."

"Bismillahi. Moja... mawili. Acha! Umesema mawili."

Habu akakunja uso wote kuanzia paji hadi kidevu, akamtazama Laraba kwa masikitiko makubwa, akapasua kilio. Laraba alisubiri mpaka alipomeza. Aliona kwa macho yake. Alitamani kulala palepale kwenye maganda ya karanga.

"Sasa sikiliza," Hajiya alisema, akimbembeleza mtoto begani. "Umeingia nyumbani kwangu bila adabu, na mtaa wote umeona. Masanduku yangu yanapaswa kurudi leo hii. Lakini mimi si mtu wa pupa. Nitaangalia mtoto. Akifika Ijumaa hii mzima, tutaongea. Akipata homa, akiharisha, hata akikohoa mara moja tu, nasema mara moja, masanduku sita yarudi na vitenge vyote vimekunjwa kama vilivyokuja. Umesikia?"

"Nimesikia, Hajiya."

"Sahura, mtoe mgeni. Tena afunike uso, pale mlangoni kuna watu."

*

Mukhtari alikuwa amesimama zaure, kofia mkononi, inavuta vumbi. Nje kidogo ya mlango walisikika watu wanaojifanya wanapita.

"Alimeza?" aliuliza.

"Amemeza."

"Uliona kwa macho yako?"

"Niliona. Na mama yako amekunywa moja."

Mukhtari alichungulia uani. Alimtazama Laraba kama alivyomtazama siku ile ya mtoto wa chini ya kitanda, muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, na Laraba hakuinamisha uso.

"Umesikia sharti lake?" alimuuliza.

"Nimesikia. Kipindi hiki cha vumbi, mtoto wa miezi mitano asikohoe mpaka Ijumaa." Mukhtari alitikisa kichwa. "Mimi mwenyewe nimekohoa mara kumi tangu asubuhi."

"Basi kayatafute masanduku yako mapema."

"Ripoti nitaipeleka kesho, Laraba. Hata hivyo."

"Ipeleke."

"Nitaandika na yangu. Kwamba nyumba ya mkaguzi haikukaguliwa miaka sita. Huenda tukaondoka wote."

Laraba alimsikiliza, na badala ya kuumia alihisi raha ambayo hakuitegemea. Mwanamume ambaye angemfichia hili, angekuja kumficha na yeye mambo siku moja. Huyu hakuwa akijua kuficha. Alikuwa amejaribu miaka sita, na leo ameshindwa mbele ya kila mtu, kofia mkononi.

"Tukiondoka wote, tutakula nini?" alimtania.

"Mafuta ya karanga. Mama hakosi."

Walicheka, kidogo, wakizuia sauti, kila mmoja akiangalia upande wake.

Ndipo ndani ya ua pakasikika kikohozi. Kidogo, chembamba, kikavu. Kikarudia mara ya pili, wazi kabisa, na hakuna mtu mzima duniani anayekohoa hivyo.

Kicheko kilikatika. Nje ya mlango, wapita njia wakasimama. Laraba alishika ukuta wenye chaki. Mukhtari alifumba macho.

"Ni mimi!" Hajiya Dije alinguruma kutoka ndani. "Nimekohoa mimi! Vumbi limeniingia kooni, na koo ni langu. Kuna mtu ana neno?"

Hakuna aliyekuwa na neno.